Mwaka wa Mparachichi

Mara ya kwanza nilipotoka Makete kwenda Dar es Salaam, ilikuwa safari ya kulala njiani. Basi la kwanza lilituteremsha Njombe jioni, vumbi limetujaa hadi kwenye kope, na kwa kuwa vyumba vya gesti vilikuwa vimekwisha, tulilala kwenye mabenchi ya mapokezi. Alfajiri tukapanda basi lingine. Nilikuwa nimevaa masweta mawili. Makambako nikavua la kwanza, Iringa la pili likaanza kuniudhi, na tulipomaliza kushuka Kitonga nilikuwa nimebaki na fulana, na joto lilikuwa ndiyo kwanza linaanza. Mikumi abiria wote walisimama kutazama twiga upande wa kulia. Mimi nilikaa upande wa kushoto, nikaona migongo ya abiria. Tuliipita Kimara bila mimi kujua kwamba ndiko niendako, tukashushwa Ubungo, na pale mama mmoja mwembamba aliyejifunga kitenge juu ya sketi akaniangalia mimi, kisha mfuko niliobeba begani. "Wewe ndiye Yona? Na hivyo ni viazi? Mwanangu, umevuka nchi nzima na viazi?" Tukapanda gari la kurudi kule kule tulikotoka, viazi vikiwa miguuni pangu.

Mwezi uliopita nimeifanya tena safari hiyo. Sasa ni lami tupu, basi moja tu, na linaishia Mbezi Luis kabla hujaifikia Kimara, kwa hiyo mtu huingia mjini badala ya kurudi nyuma. Nilikwenda kumzika Baba Nakijwa, mume wa yule mama. Nakijwa, binti yao, ambaye mwaka ule nilikuwa nikimwona wakati wa likizo tu, ndiye aliyenipigia simu. Nimeishi Mtwara, Kahama, Tunduma, Mpanda na miji mingine ambayo sikumaliza hata kuijua mitaa yake, na kila nilipobadilisha namba nilimtumia Nakijwa ile mpya. Sijui kwa nini yeye, na si watu wangu wa karibu zaidi. Nadhani ni kwa sababu nyumba ile ya Kimara ndiyo pekee ambamo niliwahi kukaa tangu kitu kinapangwa hadi kinatokea.

Nilipelekwa kwao kurudia mtihani wa kidato cha nne. Undugu wetu ni hadithi ndefu. Itoshe kusema Mama Nakijwa alisoma na mama yangu mdogo, na waliitana dada. Wao walikuwa Wapare, mama mwalimu mstaafu wa shule ya msingi na baba karani mstaafu, na nyumba yao ilikuwa mteremkoni, sebule ina makochi yenye vitambaa vya kufuma na kalenda ya usharika ambayo haikutolewa hata mwaka ulipokwisha, kwa sababu ya picha. Mimi nilipewa stoo. Upande mmoja kitanda changu, upande wa pili mifuko ya saruji imepangwa hadi karibu na dari. Saruji hiyo ilikuwa ya vyumba vya kupangisha ambavyo Baba Nakijwa alitaka kuvijenga nyuma ya nyumba, na nyuma ya nyumba, katikati kabisa ya pale alipotaka kuvijenga, ulisimama mparachichi.

Mti huo Mama Nakijwa, niliyemwita Mama tu, aliuotesha kwa kokwa. Lilikuwa la parachichi la mwisho alilokula na mama yake kule Same, milimani, kabla hajahamia mjini. Alilifunga kwenye leso akaja nalo. Sasa mti ulikuwa umepita bati la nyumba, majani yake ya kijani kibichi yanang'aa kama yamepakwa mafuta, na haujawahi kutoa hata ua. Siku ya kwanza mezani, tukila makande na viazi vyangu, nilisikia kesi yake kwa mara ya kwanza. "Huu mwaka nauangusha," Baba Nakijwa alisema. "Saruji inaganda." Mama akamwongezea makande. "Saruji uliinunua bila kuniuliza. Mti ulikuwepo kabla ya saruji." "Mti gani huo? Huo ni mwavuli." "Nipe mwaka huu mmoja." "Mwaka jana ulisemaje?" "Mwaka jana sikuomba. Nilinyamaza. Leo ndiyo naomba." Walipokuwa wakisemezana hivyo mie nilitazama sahani yangu, kwa sababu nilikuwa mgeni na sikujua bado kwamba pale ndani ugomvi wa namna ile ulikuwa ni mazungumzo.

Mama alikuwa na bustani iliyozunguka nyumba nzima, na kila asubuhi kabla ya kufungua vitabu nilitakiwa niwe nimemwagilia matuta ya mchicha na kung'oa magugu. Yeye aliongoza jumuiya ya mtaa wetu, iliyokutana Jumamosi asubuhi kwenye mikeka pale uani, na masomo yake yote aliyatoa bustanini. Mchicha alisema ni kama Wakristo wa Pasaka: unaota upesi, unapendeza upesi, wiki mbili baadaye hauonekani. Ndago ni dhambi: ukiikata juu umeipalilia, lazima ufuate kijinundu chake chini kwa vidole, na hata hapo kingine kimebaki. Masomo mengine yalimshinda njiani. Siku moja alianza kuwafananisha konokono na watu wavumilivu, akakumbuka konokono walivyoila miche yote ya figili, akafunga Biblia na kusema tuombe. Baba Nakijwa alikuwa akikaa barazani na redio yake, sauti ameipunguza ili asikie. "Leo konokono kaokoka au hajaokoka?" aliuliza watu walipokuwa wanavaa viatu.

Wazo la kuutisha mti lililetwa na Bi Somoe, jirani yetu mtu wa Lindi, ambaye ua wake na wetu ulitenganishwa na michongoma tu, kwa hiyo alihudhuria jumuiya yetu kila Jumamosi bila kutoka kwake na bila kuacha kwenda msikitini. "Nyie mnausema mti wenu pembeni," alisema. "Kwetu mti mkaidi unatishwa. Mmoja anakuja na panga, anaapa anaukata. Mwingine anaudhamini, anasema uache, utazaa. Mti nao una haya zake." Mama akasema asante jirani, ila hayo ni mambo ya kipagani. Bi Somoe akacheka. "Haya. Wapare kwa kesi mnasifiwa, lakini mti wenu mnauogopa." Jumamosi iliyofuata ilikuwa zamu yangu kusoma. Somo lilikuwa limepangwa na usharika, si na Mama: ule mfano ulio katika Luka, wa mwenye shamba aliyekuja miaka mitatu kutafuta tunda kwenye mtini wake, akaamuru ukatwe, na mtunza shamba akamwomba auache mwaka mmoja zaidi, aupalilie na kuutia samadi. Nilipofika hapo nikasikia watu wamenyamaza vibaya. Niliinua macho. Wote walikuwa wanamtazama Mama, naye alikuwa anautazama mti. Kutoka upande wa pili wa michongoma sauti ikasema, "Si nilisema mie?"

Basi jioni ile ile, wanajumuiya wamerudi kutazama, mti ukatishwa. Baba Nakijwa alitoka na panga, shati amelichomekea kama mtu anayekwenda ofisini, akaupiga ubapa shinani. "Wewe! Umekula samadi yangu, umekunywa maji yangu ya bili, umenizibia kiwanja! Leo nakukata!" Mama alikuwa amesimama karibu na tanki, mikono kwenye aproni, anaona aibu. "Uache," alisema taratibu. "Ah, Mama Nakijwa!" Bi Somoe alifoka. "Huo ndio udhamini? Sema kwa uchungu, mti utajua mnaigiza." Mama akasogea, akaushika mti kwa mkono mmoja, na sauti yake ikabadilika. "Uache, bwana. Mwaka huu tu. Mimi nitaupalilia. Usipozaa, utaukata, sitasema neno." Hapo hakukuwa na aliyecheka, hata Bi Somoe. Baba Nakijwa alikohoa, na nadhani ili kututoa pale akanigeuzia mimi lile panga. "Na wewe! Mwaka mmoja! Ukifeli mtihani nakurudisha Makete na viazi vyako!" Watu wakaangua kicheko. "Huyo naye niachie mwaka huu," Mama alisema, akajifuta macho kwa aproni, naye akacheka. Mimi nilicheka pamoja nao. Ila usiku, kitandani, nikiitazama ile mifuko ya saruji, niliona kwamba mimi na mti tumepewa hukumu moja.

Watu wakiniuliza siku hizi kama nina imani, huwa sijui nianzie wapi, lakini nikijieleza mwenyewe huwa naanzia hapo. Nilikuwa nimesikia mahubiri mengi juu ya neema na sikuwa na cha kuyashikia. Sasa nilikuwa nacho: kila asubuhi nilitoka stoo, nikautazama mti kama umefanya chochote, kisha nikaenda kusoma hesabu. Mama alikuwa ameahidi samadi na alitimiza. Bi Somoe alifuga kuku wa mayai, na kinyesi chao nilikibeba kwa ndoo kila Jumamosi, nikakimwaga kuuzunguka mti, nikakifukia. Mti ukazidi kunenepa. Majani yake yalikuwa makubwa kuliko kiganja changu. "Unaona?" Mama alisema. "Unajiandaa." Baba Nakijwa akasema unajiandaa kuingia sebuleni.

Karibu na masika uvumilivu ulimwishia Mzee, ila alikuwa mtu wa kushika neno lake. "Mti sijaugusa na sitaugusa," alisema. "Nilichosema ni kutoukata. Msingi sikuusemea." Akapima kwa kamba, akapigilia vigingi vya mbao ardhini, akanipa sururu. Mtaro wa msingi ulipita hatua chache tu kutoka shinani, na kila nilipopiga nilikutana na mizizi, mingine minene kama mkono. Aliniambia nikate. Nilikata kwa panga lile lile. Mama alitoka akasimama akaangalia ile mizizi iliyotoa maji, imelala juu ya udongo, akarudi ndani bila kusema. Jioni alisema, lakini hakumwambia mumewe. "Yona, mwambie baba yako chai iko mezani." Mzee alikuwa amekaa kiti cha pili yake. "Mzee, chai iko mezani." "Mwambie mama yako nimeiona." Walikwenda hivyo wiki kadhaa, mie nikiwa simu yao, na waliponituma maneno marefu walikuwa wakinirekebisha nikikosea.

Mvua zilikuja zikaujaza mtaro maji, bata wa Bi Somoe wakahamia humo. Ujenzi ukasimama. Stoo ilivuja pembeni, na mifuko ya chini ya saruji ikaanza kuwa migumu. Niliigusa usiku kwa vidole na sikumwambia mtu. Mti ukaanza kupukutika. Kila asubuhi nilifagia majani, na kila asubuhi yalikuwa mengi zaidi, hadi matawi ya upande wa mtaro yakabaki wazi na ua mzima ukapata jua ambalo haukuwahi kulipata. Mama aliacha kuutolea mti masomo. Jumamosi moja mwanajumuiya mmoja alimwuliza kama tuendelee kuuombea, akajibu kwamba tumwombee aliyechimba. Redio barazani ikazimwa. Nilimsikia Baba Nakijwa siku hiyo akimwambia Bi Somoe kwa sauti ndogo kwenye michongoma, "Sikutaka ufe. Nilitaka uzae au usizae, basi. Sasa nikiukata ataona nimeuua mara mbili."

Kipupwe kilipoingia, asubuhi moja nilisikia mlio nikadhani ni jenereta ya mbali. Walikuwa nyuki. Ule mti, ukiwa nusu uchi, ulikuwa umejaa vishada vya maua madogo ya kijanimanjano ambayo usingeyaona usipoyatafuta. Nilimwita Mama. Alitoka na mswaki mdomoni. Alisimama, akautoa mswaki, na kwa mara ya kwanza tangu mtaro uchimbwe akapaza sauti kuelekea dirisha la chumbani: "Baba Nakijwa! Njoo uone!" Akatoka na msuli, akaangalia juu. "Nimeutisha," alisema.

Miaka mingi baadaye nilipata kibarua kwenye shamba la maparachichi Njombe, na bwana shamba wa pale alituonyesha kwamba mti ukinenepeshwa sana kwa samadi unatoa majani tu, na kwamba wapo wanaokata mizizi upande mmoja ili kuushtua uchanue. Nilisimama pale na jembe nikacheka peke yangu. Mwaka mzima tulikuwa tumeutunza kama Luka alivyosema, na kumbe utunzaji wetu ndio uliouchelewesha, na hasira ya mzee ndiyo iliyouamsha. Jambo hilo nilikaa nalo miaka yote, nikilihesabu kuwa hoja dhidi ya Mama. Mwezi uliopita, baada ya mazishi, nilimkuta amekaa kwenye godoro sebuleni, kile kitenge amejitanda kichwani. "Shikamoo, Mama." "Marahaba. Umefika, mkimbizi." Nje watu walikuwa wanakula ubwabwa na vipande vya maparachichi ya mti ule ule, vyumba vya kupangisha havikujengwa kamwe, na mifuko ya saruji iliyoganda imepangwa kuuzunguka mti, watoto wanaikalia. Nikamweleza habari za mizizi. Alinisikiliza hadi mwisho kama alivyokuwa akinisikiliza nikisoma. "Kwa hiyo mtaro ndio uliouzalisha," alisema. "Ndiyo, Mama." "Na mume mkaidi kiasi cha kuchimba mtaro ule nilipewa na nani?" Nilicheka pale msibani, watu wakageuka. Yeye hakucheka. Alikuwa ameuliza swali na alikuwa anangoja jibu.

Yale maua mengi yalianguka, na vitunda vingi vilianguka vikiwa saizi ya harage. Vichache vilishika. Mimi nilifanya mtihani, nikatoka chumba cha mtihani nikijua nilichojaza na nilichoacha wazi, na tangu hapo sikulala vizuri. Majibu yangetoka baada ya mwaka mpya, na mwaka wangu ulikuwa unaishia hapo hapo. Sikutaka kuwepo siku ambayo Mzee angesimama mlangoni na kuniambia nifunge mizigo. Kijana mmoja wa usharika alikuwa anakwenda Mtwara kwenye kazi ya ujenzi na walihitaji saidia fundi. Nikasema nakwenda. Nilimwambia Mama wakati tunapalilia, ili tusitazamane. Aliendelea kufuata ndago. "Yona jina, na Yona tabia," alisema. "Kila ukitumwa Ninawi unatafuta meli ya Tarshishi." Baba Nakijwa nilimwambia mezani. Alisema, "Sawa," akaomba chumvi.

Jumapili ya mwisho kabla sijaondoka ilikuwa ya mavuno, iliyocheleweshwa mwaka ule kwa sababu kanisa lilikuwa linaezekwa. Mjini mavuno ni ya sokoni. Watu hununua ndizi na kuku Jumamosi, wakavileta Jumapili kama vimetoka shambani kwao, na baada ya ibada vitu vinanadiwa nje. Mama alileta parachichi moja. Lilikuwa dogo, gumu, halijakomaa sawasawa, lakini lilikuwa la kwanza na kwake la kwanza halikuwa letu. Mwinjilisti aliyekuwa akinadi aliliinua akaligonga kwa kidole. "Jamani, hili ni tunda au ni jiwe?" Watu wakacheka. Mtu akataja bei ya utani. Baba Nakijwa, ambaye kwa kawaida alikuwa akitaja bei moyoni tu, akasimama akataja kubwa zaidi. Yule mtu akapandisha kwa utundu. Mzee akapandisha. "Baba Nakijwa, si ndio ule mti uliotaka kuukata?" mtu alipaza sauti kutoka nyuma. "Ndiyo maana nanunua," alijibu. Likawa lake. Kwa desturi yetu mtu akinunua kwenye mnada wa mavuno anaweza kumpa amtakaye, na wengi humpa mchungaji. Alilishika akageuka geuka akitafuta kwenye umati. "Nampa Yona," alisema. Wakapiga makofi. Mimi nilikwenda mbele, nikalipokea kwa mikono miwili.

Kesho yake asubuhi Mama alinifungia chapati kwenye karatasi, akaomba kwa kifupi, akaniambia parachichi nisilikate hadi lilainike, hata kama nitachoka kungoja. Bi Somoe aliniaga juu ya michongoma, akaniambia nisioe Mtwara kabla hajawaandikia ndugu zake wa Lindi. Baba Nakijwa akasema atanisindikiza. Alichukua begi langu, na nilipotaka kumpokea alikataa. Tulipanda kilima hadi barabara ya Morogoro. Pale kituoni aliendelea kulishika. Alikuwa anatazama magari yanayokuja.

"Yona. Ule mwaka."

"Ndiyo, Mzee."

"Ule niliousema siku ile na panga mkononi. Mti nilikuwa nautisha. Na wewe nilikuwa nakutisha tu. Unajua hivyo?"

"Najua, Mzee," nilisema. Nilikuwa sijui. Lakini gari lilikuwa limeshasimama, na konda alikuwa ameshalichukua begi mkononi mwa Mzee.